Mgeni Aliyekuja na Jiwe

Ndugu msomaji, wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawakutuambia, hata hivyo, afanyweje mgeni asiyebisha hodi, asiyejulikana jina wala asili yake, na ambaye hutokea usiku wa manane tu wakati wenye nyumba wamelala. Mgeni wa namna hiyo ameingia katika nyumba yetu hapa Dar es Salaam. Hakupita mlangoni kwa miguu yake. Aliletwa ndani ya jiwe, na jiwe lenyewe nililibeba mimi, ndani ya ndoo ya maji ya bahari.

Yafaa nieleze kwanza habari ya jiwe. Watu wengi wa mjini wanaofuga samaki katika tangi la kioo hufuga wale wa maji baridi, kwa kuwa kazi yake ni nyepesi. Sisi tunafuga wa maji ya chumvi. Tangi letu ni la lita 120, limewekwa sebuleni, na maji yake tunayateka Kunduchi kwa madumu. Sasa, mfugaji wa maji ya chumvi ni shida kwake kufanikiwa bila ya jiwe lililotoka baharini. Uchafu wa samaki hutia majini sumu iitwayo amonia, na amonia ikizidi samaki hufa. Lakini katika vitundu vya jiwe la matumbawe huishi bakteria wasioonekana kwa macho, ambao huibadili sumu hiyo hatua kwa hatua mpaka ikawa kitu chenye madhara madogo. Huko Ulaya na Marekani mawe ya namna hii huuzwa madukani kwa kilo, na kwa miaka mingi sehemu kubwa yake ilichukuliwa katika bahari za Fiji na Indonesia. Mimi langu nilipewa bure na mzee mmoja mvuvi, aliyekuwa akilitumia kama uzito wa kuzamishia dema lake. Lilikuwa na ukubwa wa nazi mbili zilizoshikana, na lilikwisha kukaa chini ya bahari miezi mingi.

Jiwe kama hilo, msomaji, ni daladala iliyojaa abiria. Wiki ya kwanza walishuka konokono wadogo kama punje za mtama, na kaa mmoja asiyezidi ukucha wa kidole gumba. Wiki ya pili ubavu mmoja wa jiwe ukachanua maua: vitu vya kahawia na kijani, mviringo kama vifungo vya koti, kila kimoja kikiwa na ukingo wa vijinyuzi, vikifumbuka mchana taa inapowashwa na kujifumba usiku. Nyumba nzima iliyapenda maua hayo. Binti yangu wa miaka tisa aliyahesabu kila atokapo shuleni, yakafika ishirini na saba, na wageni waliokuja kututembelea walionyeshwa maua kabla ya kuulizwa habari za watokako.

Wiki ya nne samaki mmoja kati ya watatu alikutwa amekufa chini ya jiwe, nyama ya tumbo ikiwa imekwisha kuliwa. Usiku uliofuata binti yangu aliamka kunywa maji, akawasha taa ya sebuleni, akapiga ukelele uliotuamsha sote. Alisema ameona nyoka mwekundu mwenye miguu mingi akirudi ndani ya jiwe.

Asubuhi kikao kikakaa. Mke wangu alitaka jiwe litupwe. Jirani yetu, bwana mwema ambaye hakuna tatizo asilolijua dawa yake, alishauri litolewe, liwekwe katika karai jikoni, limwagiwe maji yanayochemka, lisuguliwe kwa brashi ya chuma, kisha lirudishwe likiwa safi. Shauri hilo lilipendeza, na birika likabandikwa. Shemeji yangu ndiye aliyezidisha hofu, kwa kuwa alipata kusoma kisa cha Newquay.

Kisa hicho ni cha kweli. Mwaka 2009, katika nyumba ya maonyesho ya viumbe wa baharini iitwayo Blue Reef, katika mji wa Newquay, Uingereza, watunzaji waliona matumbawe yao yamekatwa vipande na samaki wamejeruhiwa, bila ya kumwona mhalifu. Waliweka mitego, mitego ikavunjwa usiku. Mwishoni walilibomoa onyesho lote, jiwe baada ya jiwe, na chini kabisa wakamkuta mnyoo mwenye urefu wa zaidi ya mita moja. Jina lake la kitaalamu ni Eunice aphroditois. Hujificha mchangani, akatoa kichwa tu, na samaki akipita juu yake humdaka kwa mataya makali kwa ghafla hata jicho lisiwahi kufuata. Inadhaniwa aliingia akiwa mdogo, ndani ya jiwe, kama alivyoingia wetu. Shemeji alipomaliza kusimulia, hakuna aliyetaka hata kulikaribia tangi.

Niliomba nipewe siku tatu, na birika likaepuliwa.

Kumtambua kiumbe asiyejulikana si jambo la kubahatisha, wala halihitaji shahada. Lahitaji subira na macho. Nilichukua tochi, nikaifunga karatasi nyekundu ya nailoni, ile ifungiwayo zawadi, kwa sababu rangi nyekundu ndiyo inayofifia mwanzo kadiri maji yanavyozidi kina, na viumbe wengi wa baharini hawaioni vizuri. Nikaweka kipande cha kamba mbichi karibu na jiwe, nikazima taa zote, nikakaa kitini. Saa sita na nusu za usiku mgeni wetu akatokea.

Alikuwa na urefu wa kidole cha kati, rangi ya udongo mwekundu, na mwili wa pingili kama muwa. Hapo ndipo mtu anapotakiwa kuacha kutazama uzuri au ubaya na kuanza kuuliza maswali. Je, kichwani ana vipapasio vitano vilivyosimama kama vidole vya mkono? Yule wa Newquay anavyo. Je, ngozi yake inang'aa na kubadilika rangi mwangani kama mafuta yaliyomwagika juu ya maji? Ya yule hung'aa hivyo. Wetu hakuwa na vipapasio vya namna hiyo wala mng'ao, bali kila pingili, kulia na kushoto, ilikuwa na kichaka cha nywele nyeupe, ngumu na nyembamba. Alipoguswa na kaa, vichaka hivyo vilisimama kama miiba ya nungunungu, na yule kaa akarudi nyuma upesi.

Nywele hizo ndizo kitambulisho. Nilifungua kile kitabu kinene cha viumbe wa fukwe za Afrika Mashariki na visiwa vya Bahari ya Hindi ya Magharibi, kilichohaririwa na Matthew Richmond na kutolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1997, nikalinganisha. Mgeni wetu ni wa ukoo ambao katika lugha za Ulaya huitwa minyoo ya moto, na anayejulikana sana chini ya mawe katika bahari za joto, pamoja na hii yetu, ni Eurythoe complanata. Moto wenyewe umo katika nywele: hukatikia ndani ya ngozi ya mtu zikawasha kama upupu. Aliyechomwa hubandika plasta ya kunata mahali hapo, akaibandua, nayo hung'oa nywele nyingi. Kusugua huzisukuma ndani zaidi.

Nilikwenda pia kwa yule mzee mvuvi, maana aliyekulia baharini hujua ambayo hayajaandikwa. Nilimweleza umbo la mnyoo. Akajibu mara moja: "Huyo anawasha, mwalimu, usimshike." Nikamwuliza jina lake. Mzee akacheka. "Kisicholiwa wala kuuzwa, nani atapoteza wakati wake kukipa jina?" Neno hilo limenikaa. Watu wa pwani wana hazina kubwa ya majina: changu, tasi, chewa, kolekole, kila mmoja na jamaa zake, jongoo bahari, kwa vile wana soko, wanabaguliwa aina kwa aina. Lakini geuza jiwe moja maji yakipwa, utaona viumbe ishirini, na kumi na tano kati yao wataitwa "dude" tu. Sioni kwamba hilo ni kosa la wavuvi. Mtu anayerudi na dema tupu hana wajibu wa kuwabatiza minyoo. Ila sisi wenye mishahara, tunaokaa na viumbe hao sebuleni kwa kujifurahisha, udhuru wetu ni mdogo.

Ilibaki kesi ya samaki aliyekufa. Je, mnyoo ndiye aliyemwua? Kwa usiku mbili nilimtazama akipita chini kabisa ya samaki wawili waliobaki, wamelala, naye hakuwagusa. Alitafuta mabaki: chakula kilichozama, mwani uliooza, kile kipande cha kamba. Minyoo wa aina hii wengi ni wala mizoga. Wapo jamaa zao, hasa mmoja wa Bahari ya Atlantiki, wanaokula matumbawe hai, na ndiyo maana haifai kusema "mnyoo wa nywele" ukaridhika. Lakini wetu alikuwa amekutwa penye maiti kama wachimba kaburi wanavyokutwa makaburini. Samaki yule alikufa kwa sababu nyingine, na mnyoo akafanya kazi ya kumwondoa kabla hajaoza na kuyatia maji sumu. Mgeni huyu alikwisha kulishika jembe mwenyewe, bila ya kungoja siku ya tatu.

Laiti habari ingeishia hapo, nisingekuandikia. Nilipokuwa nikipekua kurasa za kitabu kumtafuta mnyoo, nilikutana na jamaa za maua yetu. Nikarudi kwenye tangi mchana, nikayatazama kwa kioo cha kukuzia. Si maua. Ni wanyama, ndugu wa matumbawe, wasiojenga mifupa ya mawe. Huitwa zoantidi, na kwenye miamba ya pwani yetu wamejaa. Baadhi yao, hasa wa jenasi ya Palythoa, wana sumu iitwayo palitoksini, mojawapo ya sumu kali kabisa zilizopata kugunduliwa katika viumbe hai. Katika ngozi ya kila chembe ya mwili wetu mna milango midogo inayotoa sodiamu na kuingiza potasiamu. Palitoksini huing'ang'ania milango hiyo na kuiacha wazi, na chembe ikashindwa kujitawala. Wapo zoantidi wenye sumu nyingi, wapo wenye kidogo, wapo wasio nayo kabisa. Na kwa macho matupu hakuna awezaye kuwatenga.

Watu wa Hawaii waliijua sumu hii kabla ya maabara yoyote. Karibu na Hana, katika kisiwa cha Maui, palikuwa na dimbwi moja la bahari ambalo wenyeji walilikataza, wakisema mna mwani wa mauti ambao wapiganaji wa zamani walipaka kwenye ncha za mikuki. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Hawaii walichukua sampuli zao za kwanza hapo tarehe 31 Desemba 1961, na siku ile ile jengo la maabara yao ya bahari likaungua moto. Waliolikataza dimbwi bila shaka hawakushangaa. "Mwani" ule ulikuwa ni mnyama, Palythoa, na mwaka 1971 Richard Moore na Paul Scheuer walitangaza kwamba wameitenga sumu yake.

Sasa rudi, msomaji, jikoni kwetu. Maji yanayochemka hayaiharibu sumu hii. Yanachofanya ni kuipandisha hewani pamoja na mvuke, na brashi ya chuma hurusha matone yake usoni. Mwaka 2018, huko Steventon, Oxfordshire, Uingereza, familia nzima ililazwa hospitalini baada ya matumbawe ya tangi lao kusafishwa nyumbani. Hata wazima moto waliokwenda kuwasaidia walihitaji kupimwa. Katika jimbo la Alaska, Marekani, kati ya mwaka 2012 na 2014, maafisa wa afya waliandika habari za watu walioivuta katika maduka ya samaki na katika nyumba zao: homa, kikohozi, kifua kubana, macho kuuma. Wengi wao hawakujua hata kwamba tangi lina kitu cha kuogopwa. Jiko letu ni dogo, dirisha lake ni moja, na mtoto wetu mchanga hulala chumba kinachopakana nalo. Nilimwonyesha mke wangu maneno hayo, akasoma kimya, kisha akaenda akalihamisha karai nje, ingawa lilikuwa tupu.

Kikao kikakaa mara ya pili. Safari hii mnyoo hakutajwa. Shemeji alisema kwamba maua hayana ubaya maadamu hayaguswi, na hilo ni kweli. Wako wafugaji maelfu wanaoishi nayo miaka mingi, wakivaa glavu za mpira na miwani, wasikwangue jiwe, wala wasilichemshe, wala wasiweke mkono wenye kidonda ndani ya maji. Lakini nyumba yenye mtoto wa miaka tisa anayelisha samaki kwa vidole, na mwingine anayejifunza kutambaa, si maabara. Tulikata shauri maua yaondoke. Binti yangu alilia, wala sikumlaumu. Aliniuliza kwa nini kinachotisha kinabaki na kinachopendeza kinafukuzwa. Nilimjibu kwamba kinachotisha nimekijua na hakina neno. Jibu hilo halikumtosha, na kwa haki halikustahili kumtosha.

Mnyoo nilimtega kwanza: kipande cha mrija wa plastiki chenye nyama ya kamba ndani, usiku mmoja tu, asubuhi yumo. Nikamwachia kwenye mawe mawili madogo yaliyosalia. Kisha, nikiwa nimevaa glavu na miwani, nililitoa jiwe la maua likiwa ndani ya sufuria iliyojaa maji, lisikauke wala lisisuguliwe, na sufuria ile haikurudi tena jikoni. Tulilipeleka kwa mzee, akalirudisha kwenye mwamba lilikotoka.

Nasema lilikotoka, na neno hilo nalitilia mkazo. Mtu aliyenunua jiwe au mwani wa nchi nyingine asidhani bahari zote ni moja. Mwaka 1984 mwani uitwao Caulerpa taxifolia, uliokuwa pambo la matangi, ulionekana umeota baharini chini ya Jumba la Makumbusho ya Bahari la Monaco. Ukaenea pwani za Ufaransa, Italia na Hispania, ukafunika makazi ya viumbe wengine. Na yule samaki mwenye mapezi marefu ya sumu, wa Bahari ya Hindi na ya Pasifiki, alionekana pwani ya Florida mwaka 1985, inaaminika kwa kuachiwa na wafugaji, na leo amejaa Bahari ya Karibi akila samaki wachanga wa huko. Pwani ya Kenya imekuwa ikipeleka samaki wa mapambo nchi za nje kwa miaka mingi, kwa hiyo baadhi ya abiria wa mawe na maji yetu pia wamo safarini, na huko waendako wao ndio wageni wasiojulikana.

Yupo abiria mmoja zaidi. Juu ya kioo cha tangi, upande wa dirisha, pana alama nyeupe ndogo kuliko punje ya ufuta, bapa kama iliyochorwa. Mwaka 1883 mtaalamu aitwaye Franz Eilhard Schulze aliona kitu cha namna hiyo kwenye tangi la maji ya bahari katika mji wa Graz, Austria, mji ulio mbali kabisa na bahari. Kilikuwa kiumbe kisicho na mdomo, tumbo, neva, mbele wala nyuma, chembamba kuliko karatasi, kinachobadili umbo kama uji uliomwagika. Alikiita Trichoplax adhaerens. Mwaka 1907 mtaalamu mwingine, Thilo Krumbach, akashikilia kwamba hicho ni kitoto tu cha mnyama mwingine wa jamii ya kiwavi cha bahari; wengi wakamwamini, na kwa zaidi ya nusu karne karibu kila mtu alikiacha kama jambo lililokwisha kuamuliwa. Karl Grell, Mjerumani, alipokichunguza upya alikuta kinazaa chenyewe, na mwaka 1971 akalazimika kukiundia kundi kubwa lake peke yake katika jamii yote ya wanyama. Wafugaji wa leo hukikuta mara kwa mara kwenye vioo vyao bila ya kukijua.

Sisemi kwamba chetu ndicho. Huenda ni konokono aliyeanguliwa juzi, huenda ni mnyoo bapa. Dalili ya kuwatenga ni hii: mnyoo bapa na konokono wana kichwa, nao hutangulia kwacho kila waendapo, bali Trichoplax huweza kuondoka upande wowote bila ya kugeuka. Binti yangu amechora duara kwa kalamu ya wino juu ya kioo, kuizunguka alama hiyo, akaandika saa pembeni. Jana asubuhi ilikuwa ndani ya duara. Jioni ilikuwa nje, upande wa kushoto, upana wa kidole kimoja. Ameandika hilo pia, na ameomba anunuliwe kioo cha kukuzia kilicho bora kuliko changu.